Usikate hoteli, kata miji

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na ile ratiba ya Misri uliyoniambatanishia nimeipitia na kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikizipitia ratiba za wageni enzi zile naendesha gari la kampuni kule Arusha. Unasema jumla imezidi akiba yenu, na sasa mnabishana nyumbani: mkate zile hoteli kubwa za zamani, au mkate matembezi ya kila siku yenye mwongoza watalii? Mume wako anasema hoteli ni ya kulala tu. Wewe hutaki kuiacha Old Cataract, ile hoteli ya Aswan. Mama mkwe wako amenyamaza, na ndiye ninayemfikiria zaidi, maana magoti yanayouma ni yake.

Msikate kimojawapo. Kateni miji.

Hebu itazame ratiba yenyewe. Siku mbili za kulala Kairo, moja Alexandria, moja Aswan, tatu melini, moja Luxor, mbili Hurghada. Vitanda sita ndani ya usiku kumi. Aliyeipanga anajua kuuza, kwa sababu kila jina jipya kwenye karatasi linaonekana kama zawadi. Lakini kila mkihama ni asubuhi imekwenda: kufunga masanduku, kulipa bili, kukaa garini, kusubiri chumba kiwe tayari saa nane mchana. Alexandria iko kama kilomita 220 kutoka Kairo. Ni mji mzuri na wenye historia yake, ila kwa usiku mmoja mtaona barabara kuliko mtakavyoiona bahari. Hurghada ni ufukwe, ni saa nne hivi za jangwa kutoka Luxor. Wewe umekulia Tanzania na Bahari ya Hindi iko hapo. Sioni sababu ya kupelekwa ufukweni kwa dola.

Ondoeni hiyo miwili, mtabaki na usiku tatu mkononi. Hizo ndizo za kuziongezea hoteli mnazozilipia. Mji wa Giza, kando ya Kairo penye piramidi, usiku tatu, ndege hadi Aswan usiku mbili, meli usiku tatu kushuka na Mto Nile, Luxor usiku mbili, kisha ndege kurudi Kairo na nyumbani.

Hapa ndipo mimi na mkwe wangu tunapotofautiana, mwambie kwa upole. Hoteli ya namna hii mnailipia saa za mchana. Nimewaona wageni, tena matajiri, wanafika loji ya bei mbaya ukingoni mwa Ngorongoro saa moja usiku na wanaondoka alfajiri na lanchi boksi. Bonde lenyewe hawakulitazama wakiwa wamekaa. Walilipia dirisha wakaliona limefungwa pazia. Old Cataract ilijengwa mwaka 1899 juu ya miamba ya matale, na utamu wake wote uko kwenye baraza, kuanzia saa kumi jioni, jua linapoanza kuzama nyuma ya jangwa na mashua za tanga zinageuza kuzunguka kisiwa cha Elephantine. Ukiwa kwenye mahekalu ya Abu Simbel huko kusini saa hizo, ungelala hoteli ya kawaida tu ukaokoa pesa.

Ukikaa pale barazani, tazama ng'ambo ya mto, juu ya kilima. Kuna jengo la mawe lenye kuba, limekaa peke yake. Ni kaburi la Aga Khan wa Tatu. Huyu ndiye yule aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, babu yako alikuwa akituhadithia habari hizo. Alifariki mwaka 1957 akazikwa Aswan kwa kuwa alipapenda wakati wa baridi. Halifunguliwi kwa watalii, mtaridhika kulitazama kwa mbali.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi mpaka uwaulize. Hoteli hizi nyingi zina majengo mawili chini ya jina moja, au majirani wanaotumia bustani moja. Old Cataract ina jengo la zamani na lile refu lililojengwa baadaye. Winter Palace ya Luxor, iliyofunguliwa mwaka 1907, imepakana na hoteli nyingine ya bei nafuu ndani ya bustani ileile, inaitwa Pavillon Winter. Mena House pale Giza ina jengo la kasri na ina vyumba vya bustanini, na si kila chumba kinaona piramidi. Kwa hiyo "usiku mbili Winter Palace" kwenye karatasi yako bado haijasema kitu. Dai iandikwe kwenye vocha: jengo gani, chumba cha aina gani, kinatazama wapi. Wakisema "tutajitahidi mkifika", ujue hakijanunuliwa. Na jengo jipya si lazima uliogope. Kule Aswan vyumba vya lile refu vina roshani zinazoutazama mto, na kwa mama mkwe wako hilo linaweza kuwa bora kuliko dari refu na samani za kale. Muulizeni yeye.

Kuhusu Giza, nimependa mmechagua Mena House badala ya kulala katikati ya jiji. Mwaka 1943 Churchill, Roosevelt na Chiang Kai-shek walikutana pale, na wenyeji watawakumbusha hilo kabla hamjamaliza chai. Faida kubwa kwenu ni kwamba piramidi ziko mlangoni na Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, lile jipya lililofunguliwa rasmi Novemba 2025, haliko mbali. Vitu vilivyotolewa kaburini mwa mfalme Tutankhamun viko humo sasa, zaidi ya 5,000. Jumba hilo lipeni siku yake nzima. Kampuni imeliweka nusu siku, pamoja na piramidi na "chakula cha mchana na duka la mafunjo". Hapana. Na kule kuingia ndani ya piramidi mama asiingie, njia ni ya kuinama na kupanda, na mwisho wake ni chumba kitupu. Nyie wawili mkitaka, sawa.

Abu Simbel najua hamtaiacha. Ni kama kilomita 280 kusini mwa Aswan, na magari huondoka saa kumi usiku. Kwenda na kurudi ni siku imekwisha, na mama atarudi miguu imevimba. Chukueni ndege, ni chini ya saa moja angani, mnarudi mchana na jioni yenu ya barazani ipo. Hii ndiyo sehemu ya kuweka pesa ya Hurghada. Lile hekalu la Ramses II lilikatwa vipande likapandishwa juu kati ya mwaka 1964 na 1968 ili lisimezwe na ziwa la bwawa la Aswan, na mwongozaji mzuri atawaonyesha pale mistari ya misumeno ilipopita usoni mwa mfalme. Asiye mzuri atawaambia miaka na majina, mtasahau kabla ya kupanda ndege.

Maana mwongozaji ndiye safari yenyewe, na hapa nasema kama mtu wa kazi. Ombeni mmoja wa kwenu peke yenu, angalau Aswan na Luxor, awe na kibali cha serikali, na aambiwe mapema kwamba kuna mama wa magoti. Kwenye Bonde la Wafalme, penye makaburi ya mafarao ng'ambo ya magharibi ya Luxor, tiketi ya kawaida inakupa makaburi matatu. La Tutankhamun na la Seti wa Kwanza yana tiketi zake za ziada. Ndani ya makaburi mwongozaji haruhusiwi kuhutubia, anaeleza nje kisha mnaingia wenyewe, kwa hiyo mchagueni anayejua kueleza kitu kisichoonekana bado. Mwulizeni kabla: kati ya makaburi yaliyofunguliwa wiki hii, lipi lina ngazi chache? Akijibu bila kufikiri, huyo ni wenu. Kaburi la Tutankhamun lenyewe ni dogo, watu wengi hutoka wamenuna, ila maiti yake bado imelala mle, na hilo peke yake kwangu lilitosha.

Meli. Hapa mimi na mama yako tuna la kusema. Usiku tatu kutoka Aswan hadi Luxor ni raha, mradi ujue unachonunua. Picha za matangazo zinaonyesha dirisha kubwa na mitende inapita. Kweli inapita, meli ikitembea. Ikitia nanga, meli hupangwa ubavu kwa ubavu, nne, tano, na wewe unafungua pazia unakutana na Mjerumani anapiga mswaki. Kwenda nchi kavu unapita ukumbi wa meli ya jirani, halafu wa nyingine, kila moja na marumaru zake na harufu yake ya dizeli. Kwa hiyo usilipe ziada ya chumba cha kifahari melini. Ziada hiyo ipelekeni Aswan. Ulizeni tu chumba kisiwe karibu na injini, na kama kuna lifti.

Kom Ombo mtaifikia jioni, hekalu lipo kandokando ya mto, na kuna chumba cha mamba waliokaushwa ambacho mume wako atakipenda. Edfu watu hupelekwa hekaluni kwa mikokoteni ya farasi. Wale farasi wengine wana hali mbaya, ombeni gari. Kisha Esna, kwenye lango la maji ambapo meli husubiri zamu ya kushushwa. Msilale. Wafanyabiashara huja na viboti vidogo, wanasimama chini wanapiga kelele, wanarusha kanzu na mashuka ndani ya mifuko ya plastiki mpaka kwenye sitaha ya juu, ghorofa tatu, bila kukosea. Ukipenda unatia pesa kwenye mfuko unaurudisha. Usipopenda unaurudisha na nguo yake. Mama yako alibishana bei na mtu ambaye uso wake hakuuona vizuri, Kiswahili kwa Kiarabu, wakaelewana. Ile shuka ya buluu ya sebuleni ndiyo hiyo.

Ipo pia dahabiya, jahazi la matanga mawili lenye vyumba vichache, linalotia nanga mahali meli kubwa haziwezi. Hilo lingekuwa chaguo langu kama mngekuwa na siku zaidi. Kwa sasa acheni.

Luxor fikeni mkiwa na nia ya kukaa. Ng'ambo ya magharibi asubuhi kabla ya joto, mchana bustani ya Winter Palace, jioni mtembee kwa miguu hadi hekalu la Luxor, ni hatua chache na taa zake usiku ni nzuri kuliko jua. Puto la hewa moto la kurushwa alfajiri sikushauri kwa mama, kikapu chake kinapandwa kwa kurusha mguu. Nyie mkipenda, ulizeni leseni na bima kabla ya bei. Mwaka 2013 puto liliungua pale na watu 19 wakafa.

Bakshishi. Wewe umesomeshwa kwa tipu za wageni, kwa hiyo sina haja ya kukuhubiria, ila panga tangu nyumbani ili isiwaharibie siku. Melini kuna bahasha moja ya wafanyakazi wote mwishoni. Mwongozaji na dereva wana zao, mpe kila mmoja mkononi, usimpe mmoja amgawie mwenzake. Noti ndogo za pauni za Misri ziwe mfukoni kila siku kwa wabeba mizigo na wa chooni. Sarafu za kigeni msiwape, benki hazipokei, utakutana na mtu anakuomba umbadilishie euro za chuma alizopewa na watalii. Na mlinzi wa kaburi akikuita pembeni kukuonyesha kona "ya siri", siri hiyo ina bei.

Kamisheni nayo naijua. Nilipokuwa kazini, duka la vinyago lililokuwa njiani kuelekea mbugani lilijua idadi ya viti vya gari langu. Kwenu watakuwa watu wa mafunjo, mafuta ya manukato na mawe ya alabasta. Mwandikieni muuzaji kwamba hamtaki kupelekwa duka lolote msiloliomba, na liandikwe kwenye ratiba. Hapo utaona bei imepanda kidogo. Ilipe, ndiyo bei ya kweli.

Msimu ni Oktoba hadi Aprili. Krismasi bei hupaa, Novemba ni bora. Viza ombeni mapema ubalozini, angalia pasipoti ya mama mkwe wako ina zaidi ya miezi sita, na kadi zenu za homa ya manjano mzibebe. Kadi ya benki pia iwe inafanya kazi nje ya nchi, sehemu nyingi tiketi hazilipwi kwa pesa taslimu tena.

Mjomba wako wa Mwanza anadai mkamsalimie maji yake ya Ziwa Victoria. Mwambieni maji mengi yanayofika Misri ni ya Ethiopia, tuone atasema nini.

Usilipe amana bado. Waandikie leo hiyo ratiba mpya ya vitanda vinne, waulize jengo na upande wa chumba kwa kila hoteli, na bei ya ndege ya Abu Simbel kwa watu watatu. Majibu yao nitumie kama yalivyo, usiyafupishe, nataka kuona walichokwepa. Msalimie mkwe wangu, na mama mwambie anipigie mwenyewe kuhusu hilo goti, kuna mambo ya safari hatayasema mbele yenu.

Baba yako