Maswali ya Wasomaji: Legacy B4, Magurudumu Manne na Bei ya Neno Limited

SWALI: Ndugu mjibu maswali, salaam. Mimi ni mkazi wa Goba, na kwa miaka saba nimekuwa nikitumia Toyota Premio ambayo sasa imechoka. Rafiki yangu amenishauri ninunue Subaru Legacy B4 ya umbo jipya lililotoka mwaka 2014, kwa maelezo kwamba gari hilo huvuta kwa magurudumu yote manne na kwa hiyo halitanisumbua wakati wa masika, maana kutoka nyumbani kwangu hadi kwenye lami kuna njia ya udongo yenye kilima kimoja kikali. Kwenye yadi nimeoneshwa magari mawili, moja la kawaida na jingine lililoandikwa Limited, ambalo bei yake imezidi kwa shilingi milioni tatu. Muuzaji anasema kuwa Limited ndiyo yenye fowili kamili, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne. Je, ni kweli? Na je, nichukue lipi? (Msomaji, Goba)

JAWABU: Si kweli, na ningekushauri umrudie muuzaji huyo kwa tahadhari, kwa sababu mtu asiyejua jambo hilo kuhusu Legacy huenda hajui pia mengine anayokueleza. Katika toleo hilo, lililoingia sokoni Japani mwezi Oktoba 2014, kila Legacy B4 iliyotoka kiwandani huvuta kwa magurudumu manne, iwe ya kawaida au Limited. Injini ni ileile ya petroli yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,498 na nguvu farasi 175, gia boksi ni ileile ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) inayotumia mnyororo, na mgawanyo wa nguvu ni uleule. Wakati wa kawaida, takriban asilimia 60 ya nguvu huenda mbele na 40 nyuma, na klachi ya sahani nyingi inayoongozwa na kompyuta hubadilisha mgawanyo huo mara moja pale magurudumu ya mbele au ya nyuma yanapoanza kuteleza. Dereva habonyezi chochote wala havuti mkono wowote.

Basi hizo milioni tatu zinanunua nini? Kwa sehemu kubwa zinanunua sura na ulaini. Limited ina rimu za inchi 18 badala ya 17, shokapu za aina bora zaidi zinazotuliza bodi kwenye kona, na mara nyingi utalikuta na siti za ngozi. Kwa mtu anayekaa Masaki au Upanga, ambaye gari lake halitoki kwenye lami isipokuwa siku ya harusi ya kijijini, hayo ni mambo ya kulipia. Kwako wewe wa Goba, rimu ya inchi 18 ni hasara unayoinunua kwa fedha taslimu. Gari la kawaida huvaa tairi la 225/55R17, na Limited huvaa 225/50R18. Maana yake ni kwamba ukuta wa tairi la Limited ni mfupi kwa karibu sentimita moja na zaidi, kwa hiyo mashimo na mawe ya njia yako yatafika kwenye rimu mapema zaidi, na ngozi ya siti haitakusaidia lolote siku rimu itakapopinda.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo la Limited, na ndilo ambalo rafiki yako hakukueleza. Kuvuta kwa magurudumu manne hakuliinui gari. Nafasi kati ya tumbo la Legacy B4 na ardhi ni milimita 150 tu, yaani pungufu ya urefu wa kalamu mpya ya risasi. Mvua ikishachimba mifereji katikati ya njia, gari hilo litakuwa na nguvu ya kupanda kilima huku bampa na ngao ya chini ya injini vikikwaruza udongo, na likishakalia tumbo, magurudumu yote manne yatazunguka hewani kwa usawa kamili. Kwa hiyo, kabla hujalipa, simama kwenye kilima chako siku ya mvua ukaangalie Premio yako inashindwa kwa sababu gani. Ikiwa inashindwa kwa utelezi, yaani magurudumu ya mbele yanazunguka palepale ilhali njia yenyewe haina mifereji, B4 ya kawaida itakutosha na utaifurahia sana, mradi uifunge matairi yenye meno ya kutosha. Ikiwa inashindwa kwa sababu inagonga chini, achana na B4 kabisa na utafute Outback ya miaka hiyohiyo, ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja kwa injini na gia boksi, lakini imeinuliwa hadi milimita 200 na ina kitufe cha X-Mode cha kusaidia kwenye matope na miteremko. B4 haina kitufe hicho. Nao wale wanaoamini kwamba fowili ni ruhusa ya kupita kwenye mafuriko wakumbuke kuwa maji ya bonde la Jangwani hayaulizi gari lina magurudumu mangapi yanayovuta.

Ukiamua kuchukua B4, yako mambo mengine ya kuyatazama. Juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazama nyuma, utaona kamera mbili. Huo ni mfumo unaoitwa EyeSight, ambao katika toleo hili la Japani umewekwa kwenye magari yote mawili, kwa hiyo usikubali kuulipia kana kwamba ni nyongeza. Kamera hizo hupima umbali wa kilicho mbele kama macho mawili ya binadamu yanavyofanya, hufuata gari la mbele kwa mwendo uliouchagua hadi kusimama, na hufunga breki zenyewe iwapo dereva amezubaa. Tofauti ya mwendo kati yako na kilicho mbele ikiwa haizidi takriban kilometa 50 kwa saa, mfumo unaweza kuzuia kabisa mgongano. Kwenye Barabara ya Bagamoyo saa kumi na moja jioni, bodaboda zinapojipenyeza mbele yako bila taarifa, utauona ukilia na kushtuka mara nyingi kuliko wahandisi wa Japani walivyotarajia, na wako madereva wanaouzima kwa kuchoshwa nao. Mimi nauacha ukiwa umewashwa. Kumbuka tu kwamba mvua kubwa, kioo kichafu au jua la usoni huufanya ujizime kwa muda.

Kwa sababu ya kamera hizohizo, kikague kioo cha mbele kabla ya kitu kingine chochote. Kioo kikishabadilishwa ni lazima kamera zipangwe upya kwa mashine, na fundi wa kioo wa kawaida hana mashine hiyo. Ukikuta kioo kisicho cha asili, au taa ya EyeSight inayowaka muda wote kwenye dashibodi, punguza bei au ondoka.

Redio nayo itakukera kidogo, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huishia mahali ambapo stesheni nyingi za Dar es Salaam ndiyo kwanza zinaanza, na ramani na maandishi ya skrini ni ya Kijapani. Hilo hutatuliwa kwa kubadilisha redio nzima, gharama ambayo muuzaji hakutajii.

Kuhusu matumizi, kipimo cha Japani kilikuwa kilometa 14.8 kwa lita moja, nawe uitegemee namba hiyo safari ya Morogoro usiku, si foleni ya Mwenge. Injini hii haihitaji petroli ya bei ya juu, na haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha, kwa kuwa inatumia mnyororo. Oili yake ni nyepesi, 0W-20; fundi akikuambia kwamba nchi yetu ni ya joto kwa hiyo aweke nzito ya 20W-50, mshukuru kwa ushauri kisha ununue mwenyewe. Na kama bado unalinganisha gari la kununua hapa na la kuagiza, zingatia kwamba injini yenye zaidi ya cc 2,000 huangukia kwenye asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa badala ya 5, na kwamba umri wa gari huongeza tozo la uchakavu. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kilichopo mtandaoni kitakupa hesabu kamili ya gari lenyewe, na ni vyema ukaipata kabla hujatuma hata senti moja.

SWALI: Je, Legacy mpya kabisa ya Marekani, yenye skrini kubwa kama kishikwambi, naweza kuipata hapa? Na madaraja yake yanatofautianaje? (Msomaji, Kigamboni)

JAWABU: Toleo hilo la saba lilianza kuuzwa Marekani kama gari la mwaka 2020, likiunganishwa Lafayette katika jimbo la Indiana, na halikuuzwa Japani. Ndiyo maana hulioni kwenye yadi zetu, ambazo hutegemea magari ya Japani yenye usukani kulia. Ukiliagiza kutoka Marekani litakuja na usukani kushoto, nawe utalipita lori kwenye barabara ya njia mbili bila kuona kinachokuja mbele. Madaraja yake yalianza na gari la msingi, likafuatiwa na Premium, Sport na Limited, na juu kabisa ikawekwa Touring XT. Skrini ya inchi 11.6 unayoizungumzia inaanzia kwenye Premium. Gari la msingi lina skrini mbili ndogo za inchi 7. Herufi XT humaanisha injini ya lita 2.4 yenye tabo na nguvu farasi 260, ilhali magari mengine ya mwaka huo yana lita 2.5 na nguvu farasi 182. Sport ilipewa tabo baadaye, katika mabadiliko ya mwaka 2023. EyeSight imo katika yote, na yote huvuta kwa magurudumu manne, jambo ambalo washindani wake wa Marekani, kama Toyota Camry, huliweka kwenye baadhi ya magari tu. Gari lenyewe limekwisha kusitishwa, na mwaka wa mwisho wa toleo lake ni 2025. Kwa maoni yangu si gari la kulihangaikia kutokea Kigamboni.

SWALI: Nina Legacy B4 ya 2013. Mwezi uliopita nilinunua matairi mawili mapya ya mbele, na tangu hapo, nikikata kona kali ya kuegesha, gari linakuwa kama limeshikwa breki na linaruka kidogo kidogo. Fundi anasema gia boksi imekufa na ananitafutia nyingine iliyotumika. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha. (Msomaji, Tabata)

JAWABU: Dada yangu, usitoe fedha hiyo bado. Umeeleza mwenyewe chanzo katika sentensi ya pili. Gari linalovuta kwa magurudumu manne muda wote linategemea matairi manne yenye mzunguko unaolingana, na Subaru inataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Chukua futi ya fundi cherehani, uzungushie kila tairi katikati ya meno yake, na uandike namba nne utakazopata. Tofauti ya milimita moja ya kina cha meno hutosha kuleta milimita 6 katika mzunguko. Kwa hiyo tairi jipya lenye meno ya milimita 8 likiwekwa pamoja na la zamani lililobaki na 3, tofauti inafika milimita 31. Tairi dogo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa, ile klachi ya sahani nyingi inateleza bila kupumzika hata ukiwa kwenye lami iliyonyooka, inapata joto, na kwenye kona inang'ang'ania badala ya kuachia. Ndiyo breki unayoisikia.

Funga matairi manne ya aina moja na ukubwa mmoja, yajazwe upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Kisha ibadilishwe oili ya gia boksi kwa ile ya CVT iliyotajwa na Subaru, si oili nyekundu ya gia boksi za kawaida ambayo mafundi wengi huwa nayo mkononi. Endesha siku kadhaa. Ikiwa mshiko bado upo, klachi hiyo na valvu yake ya umeme viko sehemu ya nyuma ya gia boksi na vinaweza kushughulikiwa peke yake. Kununua gia boksi nzima iliyotumika, ambayo hujui ilitoka kwenye gari lenye matairi gani, ni kununua ugonjwa wa mtu mwingine.

Na iwapo gari litazimika kabla hujafika huko, lipakizwe zima juu ya lori. Likivutwa kwa kuinuliwa mbele huku magurudumu ya nyuma yakiburuzwa barabarani, kitakachoharibika hapo kitakuwa ni gia boksi kweli.