Mwanangu, Dakika Sita Zinatosha

Walukuba, Jinja

Mwanangu Zaituni,

Salamu nyingi. Huku nyumbani sote wazima, isipokuwa goti la bibi yako, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema filamu yako ya katuni imefika dakika sita na hadithi imekwisha. Yule bwana aliyeahidi kukutafutia wafadhili ameiona, ameisifu, kisha akakupa masharti mawili: uirefushe ifike saa moja na nusu, na wale watu uliowakata kwenye lubugo, kitambaa chetu cha gome la mti, uwasafishe kwa kompyuta wafanane na katuni za televisheni. Unauliza, "Mama, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nisingeirefusha, na nisingeisafisha. Sababu nitakupa, maana najua "hapana" tupu ya mama uliichoka tangu ukiwa shule ya msingi.

Kwanza hesabu, kwa sababu watu wa pesa huheshimu hesabu. Filamu hupita fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Wewe kila mkao unaupiga fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inakula mikao 12, na dakika sita ni mikao 4,320. Yote hiyo umeisogeza kwa vidole vyako, chumbani kwako Kireka, baada ya kutoka kazini. Saa moja na nusu ni mikao 64,800. Muulize huyo bwana nani ataisogeza.

Lakini hata kama angekuletea vijana kumi wa kukusaidia, bado ningekataa. Tangu lini mtu akakiambia kitendawili kirefuke? Utenzi una haki ya kujinyoosha beti kwa mamia, na kitendawili kina haki ya kwisha kabla msikilizaji hajakaa vizuri. Katika filamu yako mshona nyavu wa Masese anakataa kushona nyavu za matundu madogo zinazokomba samaki wachanga, wavuvi wanamsusa, ziwa linamjibu. Imekwisha. Ukiongeza hapo utaleta mchumba, halafu mjomba mbaya kutoka Kampala, halafu mbuzi anayeongea ili watoto wacheke. Nimeshaziona filamu za namna hiyo, zote zina mbuzi.

Katika zile filamu ulizonijazia kwenye flashi kuna ile ya Mrusi Yuri Norstein, ya mwaka 1975, ya kalunguyeye anayepotea kwenye ukungu. Ni dakika kumi tu. Anakwenda kwa rafiki yake dubu kunywa chai na kuhesabu nyota, anaingia ukunguni, anaogopa, anatoka. Vikaragosi vyake ni vya kukatwa kama vyako, vimelazwa juu ya vioo vilivyopangwa kwa tabaka. Na ule ukungu, ambao mimi niliapa ni moshi wa kweli, ni karatasi laini sana aliyokuwa akiinyanyua polepole kuelekea kwenye kamera, fremu kwa fremu. Sasa sikiliza: Norstein huyohuyo mwaka 1981 alianza filamu ndefu kutoka kwenye kisa cha mwandishi Gogol cha koti, na ikawa kazi isiyokwisha miaka nenda rudi. Sisemi urefu peke yake ndio uliomkwamisha. Studio ilimtoa, pesa zikawa za kuokoteza, naye mwenyewe si mtu wa kuharakishwa. Ila mwenye mkono kama ule akikwama, huyo bwana wako anategemea muujiza gani?

Halafu kuna ile ya majirani wawili. Norman McLaren, Mskochi aliyekuwa akifanya kazi Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, aliitengeneza mwaka 1952. Ua linaota mpakani, kila mmoja anasema ni lake, wanaanza na uzio, wanaishia kwenye makaburi. Waigizaji ni watu wa kweli, lakini amewapiga picha moja moja kama vikaragosi, kwa hiyo wanateleza juu ya nyasi bila kunyanyua mguu. Hata sauti haikutoka kwenye ala yoyote, aliitengeneza pembeni mwa utepe wa filamu wenyewe. Niliwaonyesha majirani hapa uani jioni moja umeme ulipokuwepo, na ilipokwisha kila mtu akawa na kesi yake ya kibanja ya kusimulia. Hakuna aliyeuliza wale ni watu wa nchi gani. Nikamkumbuka VJ wa kile kibanda cha filamu pale sokoni, anayetafsiri sinema za Kihindi kwa Kiganda na kuongezea vichekesho vyake. Hii ingemshinda. Angeongea tu, namjua, lakini cha kutafsiri asingekipata.

McLaren huyo alimfundisha Moustapha Alassane wa Niger, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Mwaka 1966 Alassane alitoa katuni ya dakika chache tu: rais wa jamhuri ya vyura anakwenda ziara ya kiserikali kwa jirani. Mapokezi, msafara, hotuba, kupungiana mikono, yote yanafanywa na vyura. Mwaka 1966, mwanangu! Bendera nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijapauka, na sisi Uganda tunajua mwaka ule ulivyokuwa kwetu. Ukichora mtu mwenye sura ya rais utaitwa ueleze. Ukichora chura, nani atakuja kulalamika kwamba yule chura ni yeye? Kwa nini iwe ndefu? Mzaha wa namna ile ukiuvuta unageuka hotuba, na hotuba Afrika zimetutosha.

Nije kwenye sharti la pili, ambalo ndilo lililoniudhi zaidi. Nimefundisha sanaa sekondari miaka mingi, na kitu kimoja nilichokuwa nikiwapigia kelele wanafunzi ni kuacha kukiaibikia kifaa walichonacho mkononi. Hizi filamu fupi zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili ndizo zinazonipa raha kwa sababu kila moja imetoka kwenye kitu chake. Mjerumani Lotte Reiniger alishika mkasi na karatasi nyeusi, na vivuli vyake vina vidole vyembamba vinavyosema kuliko nyuso. Alexandre Alexeïeff na Claire Parker walisukuma maelfu ya pini kwenye ubao, wakaumulika kwa pembeni, vivuli vya pini vikawa picha. Ya kwanza waliitoa mwaka 1933. Caroline Leaf alimwaga mchanga juu ya kioo chenye taa chini yake, akawa anachora kwa vidole. Ili mkao wa pili uwepo, wa kwanza lazima aufute. Hakuna kurudi nyuma. Ukitazama kazi yake unaona kila kitu kinamiminika na kuwa kitu kingine, bundi anakuwa giza, giza linakuwa maji, kwa sababu mchanga ndio tabia yake. Mwambie mtu kama huyo asafishe mchanga wake ufanane na televisheni.

Wewe umechukua gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa kitambaa. Nimeangalia kile kipande ulichonitumia. Mzee anapoinama kushika sindano, lubugo linajikunja kwenye kiwiko na kutoa mikunjo uliyokuwa hukuipanga, na ile mikunjo ndiyo uzee wake. Pale penye kiraka begani, mtengenezaji alipoziba tundu la gome, mimi nilidhani ni kovu la mzee. Halafu fikiria mtazamaji wa Kiganda. Anajua kwamba kitambaa hiki ndicho wanachofungiwa wafu. Akikiona kinanyanyuka na kutembea, mwili unamsisimka kabla hadithi haijafika popote. Unesco waliitangaza kazi ya kutengeneza lubugo mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia nzima, na huyo bwana anataka uifute kwa kompyuta! Sina ugomvi na kompyuta. Blender unayoitumia kuunganishia ni programu ya bure na imewafungulia mlango wengi wasio na kitu. Ugomvi wangu ni na kusafisha.

Na sauti ya bibi yako kwenye filamu usiiguse. Najua alikataa kusoma ulichomwandikia, akaanza kusimulia alivyokuwa akiuza mukene, wale dagaa wa ziwani, pale Masese, na katikati akakohoa na kumfukuza kuku. Kata kuku, acha kikohozi. Mmarekani Don Hertzfeldt, yule anayechora watu wa vijiti kama watoto wa chekechea, mwaka 2015 alitoa filamu ambayo sauti ya mtoto ndani yake ni ya mpwa wake wa miaka minne. Hakumpa maneno ya kukariri. Alimrekodi akicheza na kuongea yake, kisha akaandika hadithi kuyazunguka maneno ya mtoto. Inachekesha, halafu unashangaa mbona una machozi. Bibi yako hana tofauti kubwa na mtoto wa miaka minne kwa ukaidi, kwa hiyo fanya hivyohivyo.

Utaniambia zipo filamu fupi zilizokua. Zipo. Gints Zilbalodis wa Latvia alitengeneza fupi kuhusu paka anayeogopa maji mwaka 2012, na mwaka 2024 akatoa ndefu yenye paka na mafuriko, isiyo na neno hata moja, iliyotengenezwa kwa Blender hiyohiyo, ikachukua Oscar mwaka uliofuata. Lakini tazama alichofanya. Fupi aliiacha kama ilivyo, akaenda akatengeneza nyingine na nyingine, akakomaa, akarudi kwenye wazo lile kama mtu mwingine na kulijengea upya. Kuvuta dakika sita mpaka zipasuke ni jambo jingine kabisa. Siku mshona nyavu akikudai filamu ndefu, utajua, na mfadhili hatahitajika kukuambia.

Pesa sitakudanganya: hakuna. Filamu fupi hailipi kodi ya nyumba, endelea na matangazo yako ya sabuni mchana. Ila ina milango yake. Annecy kule Ufaransa wanaonyesha katuni tangu 1960, Zanzibar wana tamasha lao, na hata Oscar wana tuzo ya katuni fupi, mradi isizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho. Hapa kwetu Raymond Malinga na wenzake mwaka 2017 walitoa fupi kuhusu kalabanda, lile zimwi la mabwenini, anayedaiwa kula kazi ya shule ya mwanafunzi. Kila aliyelala bweni Uganda anamjua kalabanda, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwaka 2023 Malinga akawa mmoja wa waongozaji wa zile fupi kumi za Kiafrika zilizotolewa na Disney. Huko si kujitegemea tena, ni kampuni kubwa, lakini ona alivyofika: ni fupi iliyompeleka kwenye fupi nyingine.

Kwa hiyo mjibu huyo bwana kwa adabu. Mshukuru, mwambie filamu imekwisha, na kama anataka ndefu atakuja kuzungumza nawe ukiwa na hadithi ndefu. Usimwandikie usiku ukiwa na hasira, najua tabia yako, umeirithi kwangu. Kisha niletee nakala Idi hii, na uje na ile betri yako ya kuchaji maana umeme hauaminiki.

Bibi anauliza kama sauti yake italipwa. Nimemwambia hilo ni kati yenu wawili.

Wasalaam,
Mama yako