Mshono wa ngozi unalegea, nifanyeje?

Swali: Fundi shikamoo, mi niko Langoni hapa Lamu, najifunza kushona makubadhi kwa mkono ila mishono yenda kombo na uzi unalegea.

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwanza bonyeza uma wa jikoni kwenye mstari upate alama, ndo utoboe kwa msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, sindano tupu utaivunja bure. Uzi kata kama mara 4 ya urefu wa mshono, upake nta ya nyuki, utie sindano kila ncha, zote zipite tundu moja zikipishana, na ikianza ya kulia basi ni hiyohiyo mpaka mwisho, hapo ndo wengi huharibu. Vuta mikono yote pamoja. Uzi wa upande mmoja ukikatika wa pili unashika, cherehani haina hiyo. Malizia kwa kurudi matundu mawili.