Kabla Hujapiga Linux, Iulize Printa Yako

Jumapili usiku nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja mwenye steshenari Kahama. Nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Shikamoo kaka. Nina mashine sita, zote Windows 10. Fundi anasema muda wake umeisha na Windows 11 haziikubali, ninunue mpya. Nimesikia Linux ni ya bure. Nikipiga zote Jumamosi hii, Jumatatu nitafanya kazi?"

Marahaba dada yangu. (Kwa mgeni: Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows, na kuupiga ni kuuweka kwenye mashine.) Jibu ni hapana, na ninalijua kwa sababu mimi niliwahi kupiga zote Jumamosi.

Wanaonisoma siku nyingi wanaijua nusu ya hadithi hii, ile nusu tamu. Nyingine nimekuwa nikiificha. Leo naitoa, maana najua wengi mnaosoma hapa mnataka kile nilichokitaka mimi: ofisi ndogo isiyoiba programu, isiyoliwa na virusi, isiyopangiwa na kampuni ya ng'ambo lini itupe mashine zake.

Mapenzi yangu na Linux yalianza shuleni. Mwaka 2006 niliagiza CD ya Ubuntu 6.06, toleo mojawapo la Linux. Enzi zile kampuni ya Canonical ilituma CD bure popote duniani, hata gharama ya posta hulipi. Bahasha ilifika kwenye sanduku la shule baada ya wiki kadhaa, na mkuu wa shule akaniita ofisini kuniuliza nina ndugu gani Ulaya. Sikuwa na ndugu. Nilikuwa na CD, na mwenye kampuni, Mark Shuttleworth, alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeupa mfumo wake jina ambalo sisi tunalitamka utu. Kijana wa miaka 17 akipata kitu kama hicho, amekwisha.

Nikasoma kila nilichokipata. Nikasoma kisa cha Richard Stallman, mwandishi wa programu, ambacho mwenye steshenari yeyote angekielewa upesi, maana kinaanza na karatasi kukwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara yake pale chuo cha MIT, Marekani, ililetewa printa ya leza kutoka Xerox. Printa ya zamani alikuwa ameirekebishia programu yake ili karatasi zikikwama, walioagiza kazi wapate taarifa kwenye skrini zao. Hii mpya ilikuja na programu iliyofungwa. Alipomwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo wa programu hiyo, yaani maandishi inayoundwa nayo, akajibiwa kwamba amesaini mkataba wa kutompa mtu. Stallman alikasirika, na hasira ile haijaisha. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima usiofungwa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatangaza kiini alichokiandika, ile sehemu ya mfumo inayoamrisha vifaa vya mashine, ndicho Linux. Viwili hivyo vikaoana. Kwa Kiingereza wanahangaika hadi leo kueleza kwamba neno lao moja, "free", lina maana mbili. Sisi hatuna shida hiyo. Bure ni bure, huria ni huria. Programu huria unaweza kuitumia, kuichungulia ndani, kuibadili na kumgawia jirani, na unaweza pia kuiuza.

Basi Julai 2018 nikaamua. Nina duka Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu, na wakati ule nilikuwa na mashine tano za mtumba, tatu kati yake Dell OptiPlex 7010. Zote zilikuwa na Windows ya kukraki, yaani isiyolipiwa. Jumamosi saa mbili usiku nikafunga mlango, nikachomeka flashi yenye Ubuntu 18.04. Ilipofika saa tisa usiku nilikuwa nimefuta diski zote tano. Kuacha Windows pembeni niliona ni kukosa imani. Nikabandika ukutani karatasi yenye pengwini, nembo ya Linux, nikarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kubatizwa.

Jumatatu asubuhi foleni ilikuwa imefika kwa jirani yangu muuza chipsi. Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, vijana na wazazi wao, kila mmoja na bahasha ya kaki. Nikatuma fomu ya kwanza kwenye printa kubwa, ile inayolisha watoto wangu. Ikaonekana kwenye orodha, ikapokea kazi, ikawasha taa ya kijani. Kisha ikaanza kutoa karatasi moja baada ya nyingine, kila moja na mstari mmoja wa alama za ajabu juu kabisa, chini nyeupe tupu. Nikazima, nikawasha, nikaweka karatasi nyingine. Ikaendelea na mistari yake. Mtengenezaji, ambaye simtaji, hakuwa ametoa draiva ya Linux, ile programu ya kuiunganisha printa na mfumo, kwa modeli ile, na mimi kwa miaka yote ya kusoma habari za uhuru sikuwa nimefikiria kuangalia. Ilipofika saa tano foleni yote ilikuwa imehamia duka la ng'ambo ya barabara.

Hilo ningelisamehe. Kilichonimaliza ni Jumatano.

Mwalimu mmoja mteja wangu wa miaka mingi alileta flashi yenye mtihani wa baiolojia, umeandikwa kwenye Word, kurasa nne, nakala 180. Nikaufungua kwa LibreOffice, programu huria ya kuandikia badala ya Word, nikaona maandishi yapo, nikatoa kwenye printa ndogo iliyokuwa inakubali. Karatasi 360, mbele na nyuma. Akaja jioni, akachukua nakala ya juu, akavaa miwani. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mchoro wa moyo. Mishale yote ilikuwa imehama. Mshale wa A ulikuwa nje kabisa ya moyo, na ule wa D, uliotakiwa kuonyesha aota, ulikuwa umeelekezwa kwenye namba ya ukurasa. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole tu: "Sasa mwanangu, watoto wajibu nini hapa?"

Nilirudia nakala zote kwa gharama yangu, kwenye duka la mwenzangu. Ijumaa nikamwita rafiki yangu fundi anipigie Windows tena. Elfu kumi kwa mashine, na kwa kuwa ni rafiki hakunipunguzia hata mia. Akacheka tangu saa nne hadi saa kumi. Karatasi ya pengwini aliibandua mwenyewe, akaipiga picha, akaitupia kwenye grupu la mafundi na maneno haya: "Bwana Uhuru amerudi nyumbani." Jina likanishika. Mpaka leo kuna vijana mtaani wananiita Bwana Uhuru bila kujua limetoka wapi. Nacheka nao, lakini inauma.

Miaka miwili sikugusa. Kilichonirudisha ni corona, 2020, vyuo vimefungwa na wateja hakuna, nikakaa dukani na binti ninayefanya naye kazi tukiangaliana. Safari hii tulianza kinyume. Windows tukaiacha kama ilivyo, tukabadili programu zilizo juu yake: LibreOffice, Firefox kwa mtandao, VLC kwa video, na GIMP kwa picha za pasipoti. Zote zinakubali Windows. Binti alinuna wiki mbili, alikuwa hazioni batani zake. Ya tatu akaacha kunung'unika. Ya sita nikamkuta anamfundisha mteja.

Ndipo nikajifunza kitu ambacho mabishano yote niliyosoma hayakunifundisha: karibu nusu ya mateso yangu ya 2018 yalikuwa fonti, yaani muundo wa herufi. Word tangu toleo la 2007 ilikuwa ikiandika kwa Calibri usipoigusa, na Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. Isipokuwepo, kompyuta inaweka fonti nyingine yenye herufi pana kidogo au nyembamba kidogo, mstari unakatika mahali pengine, na CV ya kurasa mbili inakuwa ya tatu yenye neno "Wadhamini" peke yake. Dawa ipo: fonti iitwayo Carlito, ambayo kila herufi ina upana uleule wa Calibri. Ukiiweka, mistari inakatika palepale. Liberation Serif inafanya kazi hiyohiyo kwa Times New Roman. Dakika tano! Mishale ya moyo ni ugonjwa mwingine, na tiba yake ni kumwomba mteja alete PDF. Asipokuwa nayo, mashine moja ibaki na Word halisi. Ninayo hiyo mashine hadi leo, na leseni nimeilipia.

Baadaye ndiyo nikapiga Linux Mint, toleo jingine la Linux, kwenye mashine moja tu, ya fomu za mtandaoni, ambayo kazi yake yote ni kivinjari. Miezi mitano. Kisha ya pili, ya kupokea flashi za wateja, na hapo ndipo nilipolipwa. Wenye steshenari mnakijua kirusi cha shotikati: mteja anachomeka flashi, mafaili yote yamegeuka shotikati, ukibofya moja umeambukizwa na wewe. Alikuja mwanafunzi wa mwaka wa tatu, utafiti wake wote uko humo, macho mekundu. Nikaichomeka kwenye Mint. Shotikati zikaonekana kama takataka tu, hazina la kufanya pale, maana zimeandikwa kwa Windows. Pembeni kulikuwa na folda isiyo na jina. Nikaifungua, na sura zake tano zote zilikuwa humo, zimefichwa. Yule kijana alikaa chini sakafuni. Tangu siku hiyo wanaletana wenyewe. Sijisifu, lakini ule mtaa mzima flashi zikiugua zinaletwa kwangu.

Leo nina mashine tano: nne Mint, moja Windows kwa ajili ya CorelDRAW (programu ya kuchorea), kadi za harusi na ile printa kubwa.

Halafu ikafika tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Mtu binafsi atakayejiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza anapata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, basi. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka kuanzia kizazi cha nane. OptiPlex zangu ni kizazi cha tatu. Zinawaka kwa sekunde chache, hazijawahi kunisumbua, lakini kwa kipimo chao ni vyuma chakavu. Hapa ndipo huwa napandwa na hasira, mnisamehe. Mashine imesafiri hadi bandari ya Dar es Salaam, imepanda lori, imenunuliwa kwa mkopo wa vikoba, na mtu ambaye hajawahi kuiona anaamua kwamba imekufa.

Na ninyi mnaoniandikia "kaka, kuna kraki ya kuruka hiyo TPM", mnisikilize. Kuiruka TPM inawezekana, Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo hawaahidi kuipa masasisho. Ila hizo kraki mnazopeana kwenye flashi, soma maelekezo yake mstari wa kwanza: zima antivairasi. Mgeni anakuja kwako usiku, kabla ya salamu anakuomba umfunge mbwa, nawe unamfunga! Kwenye mashine hiyohiyo unaingiza namba za NIDA za watu, vyeti vyao vya kuzaliwa, nywila zao. Tuache. Niliishi hivyo miaka mingi, najua ninachokisema.

Wa upande wangu nao niwaambie. Nyie mnaokesha mkigombana toleo bora ni Mint au Fedora, jina liwe Linux tu au GNU/Linux, kuna mama anasubiri barua yake ya kazi itoke kwenye printa. Anayesema Linux ni ngumu, simu yake ya Android inaendeshwa na kiini cha Linux na hajawahi kulalamika, kwa sababu hakuna aliyemhubiria. Mimi nilihubiri. Nilimhubiria hata yule mwalimu wa baiolojia, huku ameshika karatasi 360 za mishale iliyopotea.

Fundi wangu, yule aliyeibandua pengwini, alikuja Novemba. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaagiza soda, akazungumzia mpira. Mwishoni akasema ana mashine kumi na moja za shule moja ya binafsi, zote kizazi cha nne, na mwenye shule hana hela ya mpya. "Ile kitu yako," akasema, bila kuitaja jina. Nilikuwa nimeisubiri siku ile tangu 2018 na nilikuwa na hotuba. Sikuitoa yote. Nilimpa flashi ya Mint nikamwambia asifute kitu: awashe mashine moja kwa kutumia flashi hiyohiyo, mfumo unaendeshwa humo humo bila kugusa diski, kisha achomeke printa ya shule na atoe ukurasa mmoja. Akarudi siku ya pili. Printa ilikubali. Soda ya siku hiyo alilipa yeye.

Kwa hiyo dada yangu wa Kahama, usipige zote Jumamosi. Usipige hata moja Jumamosi. Wiki hii weka LibreOffice kwenye Windows uliyonayo, na ile Carlito, ufungue kazi zako za zamani kumi uone zipi zinavurugika. Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje. Jiandikishe kwenye mpango wa nyongeza, ununue muda. Mashine ya kwanza kuhama iwe ya kivinjari. Na nirudie, usipige zote Jumamosi.

Kabla ya yote hayo, printa yako kubwa ni modeli gani? Iangalie kwenye kibandiko cha nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, si ile namba ya mbele. Ipige picha unitumie.