Mabano Yaliyoninyima Usingizi

Juzi kijana mmoja wa Kakamega amenitumia meseji: "Kaka, seva yangu inatuma imeili lakini hazifiki, mailq imejaa, nifanye aje?" Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, juu hiyo mailq, foleni ya barua zinazongoja kutoka, naijua ikijaa, ilinikosanisha na mteja ambaye hadi leo tukipatana pale Kibuye anajifanya anaangalia nyanya.

Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya saiba nikaanza kujiita fundi wa seva hapa Kisumu. Mzee mmoja muuzaji wa vifaa vya ujenzi akataka imeili zenye jina la biashara yake. Nikamwekea Postfix, programu ya seva ya kutuma na kupokea imeili, kwa kompyuta ya ofisini, nikatuma barua kutoka akaunti yake hadi ya karani wake, ikafika hapo hapo, nikalipwa, nikashika boda hadi Dunga kula samaki. Sikujua kwamba ile barua haikutoka hata nje ya mashine! Mtihani wangu wote ulikuwa ni mtu kujisalimia kwa kioo.

Mzee akatuma kotesheni ya mabati kwa mteja mkubwa. Kwake inaonyesha imeenda. Sasa Postfix usipoigusa inashikilia barua iliyokwama siku 5 nzima ikijaribu tena na tena, na haimwambii aliyetuma chochote, kwa sababu delay_warning_time, setingi ya kumwonya aliyetuma kwamba barua imechelewa, inakuja ikiwa sufuri, yaani imezimwa. Siku ya tano ndio ikamrudishia, na tenda ilikuwa imefungwa. Akanipigia. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniuma, aliuliza tu, "Kijana, kwa hivyo hii mashine yako ilikuwa inanidanganya?"

Kwa logi, faili ambalo seva inaandika kila inachofanya, kulikuwa na mstari mmoja unajirudia: poti 25, ule mlango seva hupelekeana imeili, Connection timed out, yaani imengoja jibu halikuja. Kampuni nyingi za intaneti hufunga poti 25 ya kutoka, kwa sababu kompyuta zenye virusi huitumia kumwaga spamu. Na hata ingekuwa wazi, anwani ya intaneti ya kawaida ya nyumbani au dukani, hao wapokeaji wakubwa wengi hawaiamini.

Dawa ni kupitisha barua zote za nje kwa seva nyingine inayoaminika, ndani ya main.cf, faili la setingi za Postfix, mstari wa relayhost, poti 587, na jina la seva unaliweka kwa mabano ya mraba. Bila mabano Postfix haiendi kwa jina uliloandika, inaenda kwanza kuuliza rekodi za MX za hilo jina, zile zinazosema barua zake zinapokelewa na seva gani. Mimi mabano niliweka, lakini kwa faili la pasiwadi, sasl_passwd, sikuweka. Lazima jina la seva lifanane kwa mafaili yote mawili herufi kwa herufi, mabano na poti, la sivyo pasiwadi haionekani. Usiku mzima seva inanikatalia, nabadilisha pasiwadi, naitukana pasiwadi, na pasiwadi haina makosa. Saa kumi alfajiri, stima ishapotea mara mbili, ndio nikaona. Nikaweka mabano, nikapiga amri za postmap na reload ndio Postfix isome upya, foleni ikashuka kama maji ya bafu.

Kwa hivyo wewe unayetaka hii kazi, soma logi kabla hujagusa kitu. Jaribu na anwani ya nje, usijaribu ndani kwa ndani kama mimi. Weka delay_warning_time iwe 4h ndio mtu ajue mapema. Ukibadilisha njia ya barua ongeza hiyo seva mpya kwa SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, na kumbuka SPF inaruhusu kuuliza DNS, kitabu cha majina ya intaneti, mara 10 tu, ukizidisha inavunjika yote. Na logi, nimesema soma logi? Vijana wa siku hizi mnakopi setingi kutoka kila mahali mnabandika, ikikataa mnabandika nyingine juu yake, sasa nani atakuja kutoa hizo takataka?

Mzee alimpa mpwa wake hiyo kazi baadaye. Sawa. Lakini mistari ya main.cf inayopitisha barua zake ni ile ile niliandika mimi, mpwa mwenyewe aliniambia anaogopa kuigusa.

Huyu wa Kakamega nimemwambia anitumie logi. Ametuma picha ya skrini aliyopiga na simu, imepinda, kidole chake kimefunika pale relay= inaanzia, pale panapoonyesha barua ilikuwa inaenda seva gani. Nimemwambia atoe kidole.