Nyuklia peke yake haitoshi, mkuu

Umeuliza kama nchi ikishakuwa na bomu la nyuklia tayari ni dola kuu. Hapana, angalia Uingereza. Bomu ililijaribu 1952, makoloni ilikuwa nayo mpaka huku kwetu. Mwaka 1956 Nasser, rais wa Misri, akautaifisha Mfereji wa Suez; Waingereza, Wafaransa na Israeli wakaivamia Misri. Na vitani walikuwa wanashinda! Ila pauni, sarafu ya Uingereza, ilikuwa inayumba vibaya, na Eisenhower, rais wa Marekani, akawabania mkopo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) mpaka waondoke. Novemba 6 wakasimamisha mapigano, Desemba wakafungasha virago, Januari waziri mkuu Eden huyo kajiuzulu. Marekani haikufyatua hata risasi moja. Wasovieti nao waliwatishia makombora, sawa, lakini kwangu mimi kilichowang'oa ni pauni.