Re: Picha zangu za maua zinatoka zimepauka, ninunue kamera?

Mkuu, umesema kwa macho maua yalikuwa yanawaka rangi ila kwenye picha yametoka meupe meupe, na unauliza kama ununue kamera mpya. Usinunue kwanza. Shida ni saa uliyoenda, jua la saa sita likipiga juu ya petali linafuta rangi yote na majani yanang'aa kama bati. Nenda geti likifunguliwa tu, Singapore Botanic Gardens kwa mfano wanafungua saa 11 alfajiri, muda huo unakuta umande bado umening'inia kwenye ncha za majani na watu wachache. Kama huna namna ila mchana basi subiri wingu, au simama upande wa jua kivuli chako kiangukie ua, alafu liguse kwenye skrini ushushe mwanga kidogo, utaona tofauti palepale.

Nyumba za vioo kama Palm House ya Kew kule London ni kitu kingine, mle kuna joto na unyevu, ukiingia umetoka kwenye baridi lenzi inashika ukungu hapohapo. Usiifutefute, iache dakika kadhaa ipate joto.

Ila hifadhini plizi usitoke njiani, nimeona watu wanakanyaga miche ili wapate ua moja, inaniuma sana. Droni usibebe, hifadhi za taifa za Marekani walishapiga marufuku tangu 2014, na ndege anayeatamia akishtuka anaacha mayai. Ukimtaka kwa karibu vuta zumu.